Mkataba Bila Mapatano

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu wa biashara, na aghalabu hutajwa pale mwenye duka anapomkumbusha mdeni wake kuwa kumbukumbu ipo. Mama mmoja wa Masii, huko Mwala katika Machakos, hakuitumia methali hiyo katika mazungumzo yake kwa kuwa lugha yake ya kila siku ni Kikamba; hata hivyo, aliiishi kwa miaka mingi. Alikuwa karani wa mwethya wa kijiji chake. Daftari lake lilikuwa lile la kawaida la wanafunzi wa shule ya msingi, na alilifunga ndani ya mfuko wa nailoni akaliweka juu ya kabati ili mchwa na moshi wa jikoni visilifikie. Mwanawe wa pili, ambaye safari yake ndiyo kiini cha makala haya, aliyasoma majina ya majirani katika daftari hilo kabla hajajua kusoma gazeti.

Kwa msomaji asiyeifahamu, mwethya ni desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa ushirika: leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka kila mwanachama apate zamu yake. Kwa njia hiyo miteremko ya Machakos ilichimbwa matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Tuta lililopendwa zaidi ni lile ambalo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, na jina lake, fanya juu, limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa. Masii yenyewe ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki katika kitabu chao cha mwaka 1994. Watafiti hao walionyesha kuwa Machakos, ambayo katika miaka ya 1930 watawala wa kikoloni waliiona kuwa nchi inayokufa, ilikuwa imeongeza watu wake zaidi ya mara tano kufikia mwaka 1990, na udongo wake ulikuwa umetunzwa vizuri kuliko awali.

Nyuma ya matuta hayo palikuwa na madaftari. Kila nyumba ilidaiwa mtu mmoja, jembe moja na asubuhi nzima ya kazi. Aliyekosa kufika aliandikiwa deni la siku moja. Lakini aliyefikwa na jambo alimtuma mtoto kwenda kusema, na karani aliandika neno moja tu kando ya jina lake: maradhi, au msiba, au mvua. Neno hilo lilitosha kuliondoa deni. Hakuna aliyeambiwa alete barua, kwani wengi wa wanachama hawakujua kuandika. Kijana yule aliliona jambo hilo kuwa la kawaida kiasi kwamba hakuwahi kulifikiria. Ilibidi aende mbali na kutenda kosa ndipo alipolielewa.

Baada ya masomo ya biashara alifanya kazi miaka michache katika bohari moja kwenye eneo la viwanda la Nairobi, kisha akavuka mpaka. Zama hizo Kanda ya Ziwa na sehemu jirani nchini Tanzania zilikuwa zikijengwa migodi ya dhahabu mfululizo, tangu Golden Pride huko Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi Buzwagi huko Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009. Katika kipindi hicho kampuni moja ya ujenzi, ambayo si lazima itajwe, ilimwajiri awe afisa wa ununuzi na mikataba.

Mtu wa nje hudhani kwamba mgodi huanza kwa kuchimba. Mgodi huanza kwa kununua. Kabla jiwe la kwanza halijasagwa, sharti pawepo kinu cha kulisaga, na kinu hicho ni mtambo mkubwa unaoagizwa ng'ambo mwaka mmoja au zaidi kabla ya siku ya kuhitajika. Kikifika bandarini Dar es Salaam husafirishwa kwa matrela maalumu takriban kilomita 1,000 kuelekea bara, na madaraja ya njiani hukaguliwa kwanza iwapo yataweza kuubeba uzito huo. Wakati huohuo msingi wa kinu unapaswa kuwa umekwisha kumwagwa na kukauka. Msingi unahitaji saruji, nondo na kokoto. Kokoto inahitaji malori. Malori yanahitaji dizeli na barabara. Madereva wanahitaji kambi na chakula. Na kambi inahitaji maji, umeme na walinzi. Kila kimojawapo ni mkataba. Mmoja ukichelewa, mingine yote huanza kugongana nyuma yake, na kinu cha mamilioni ya dola hulala chini ya turubai kikisubiri lori moja la kokoto.

Kazi ya afisa wa mikataba ni kuifanya minyororo hiyo isikatike. Huitisha zabuni, huzifungua mbele ya mashahidi, huzipima kwa ubora na bei, kisha hutoa barua ya kukubali. Baada ya hapo huja yale ambayo wengi huyadharau: kuutunza mkataba siku baada ya siku. Mzigo ukifika, karatasi tatu hulinganishwa, yaani hati ya agizo, hati ya mapokezi na ankara. Karatasi moja ikitofautiana na nyenzake, hata kwa mifuko kumi ya saruji, malipo husimama. Kijana wa Masii aliipenda kazi hiyo. Aliona kwamba ni daftari la mama yake lililokuzwa.

Alijifunza pia kwamba bei ina namna tatu za kukubaliwa. Ipo bei moja ya jumla, ambapo mkandarasi hubeba hasara iwapo kazi itageuka kuwa kubwa kuliko alivyokadiria. Ipo bei ya kipimo, ambapo kila mita ya ujazo iliyochimbwa hupimwa na kulipwa. Hii hufaa kazi za udongo, kwa sababu hakuna ajuaye mwamba umelala wapi chini ya ardhi. Na ipo ya gharama halisi pamoja na faida, ambapo mwenye mradi ndiye abebaye hatari yote. Kila namna hujibu swali lilelile: jambo lisilotarajiwa likitokea, nani ataumia? Aliyedhani kuwa mkataba ni habari ya bei hajausoma vizuri. Mkataba ni ugavi wa hatari.

Na hatari ina tabia yake. Mwenye mgodi huikabidhi kwa mkandarasi mkuu, mkandarasi mkuu huikabidhi kwa wakandarasi wadogo, nao huikabidhi kwa wenye malori na mafundi. Fedha hupita ngazi hizohizo, ila zenyewe hutembea polepole na hupungua kila zinapopumzika. Sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kazi ikabidhiwe, na sehemu nyingine hadi muda wa uangalizi wa kasoro upite. Kwa hiyo yule wa ngazi ya chini kabisa, asiye na akiba, ndiye anayeukopesha mradi mkubwa kuliko wote.

Masharti ya mikataba ya ujenzi hayabuniwi upya kila mara. Mengi hufuata vitabu vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, ambalo lilitoa kitabu chake cha kwanza cha masharti mwaka 1957 na kuviandika upya vitabu vyake mwaka 1999. Katika toleo hilo la 1999 mna kifungu mashuhuri, cha 20.1. Kinasema kwamba mkandarasi anayedai muda zaidi au malipo zaidi sharti atoe taarifa katika siku 28 tangu alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. Asipotoa, haki yake imekwisha. Kifungu hiki kina sababu nzuri: mwenye mradi anahitaji kujua mapema ili achukue hatua, na madai yanayozuka mwisho wa kazi hayawezi kuchunguzwa tena. Lakini mkandarasi mkuu mwenye siku 28 humpa mkandarasi mdogo siku chache zaidi, ili naye apate muda wa kuandika. Katika mradi ule, wenye malori walipewa siku 14.

Hapo ndipo lugha ilipoingia. Nyaraka zote ziliandikwa kwa Kiingereza, na mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mwana wa Masii alijiona hodari wa Kiswahili. Alikuwa amepata alama nzuri katika mtihani wa kidato cha nne. Siku ya kwanza alimsalimu mzee mmoja kwa kumwuliza habari, na ofisi nzima ikanyamaza mpaka mtu mmoja alipomnong'oneza kwamba mzee huamkiwa shikamoo. Alikuta kuwa tenda ya kwao huku ni zabuni, na mwanakandarasi ni mkandarasi. Hayo aliyazoea katika wiki mbili. Jambo ambalo hakulizoea ni kusema vifungu vya mkataba kwa Kiswahili. Kila alipojaribu, sentensi ndefu ya Kiingereza, yenye masharti ndani ya masharti, ilimfia mdomoni ikabaki neno moja au mawili ya kawaida.

Yule mzee aliyemkosea salamu alikuwa na malori matatu ya tipa. Mawili yalikuwa yake kabisa. La tatu alilinunua kwa mkopo wa benki alipopata mkataba wa kusomba kokoto. Siku ya kutia saini aliketi mbele ya afisa, akavua kofia akaiweka gotini, akaomba afafanuliwe karatasi zile. Afisa alikuwa na wengine sita wanaosubiri mlangoni. Alimweleza bei kwa tani, siku za malipo na adhabu ya kuchelewa. Alipofika kwenye kifungu cha taarifa alisema: "Na ukipata tatizo lolote, mzee, utatujulisha."

"Nitawajulisha, mwanangu," akajibu mzee, akatia saini.

Tafsiri hiyo ilikuwa ya maneno sita, na kila neno lilikuwa la kweli. Yaliyoachwa ni matatu: kwamba taarifa iwe kwa maandishi, kwamba iwe katika siku 14, na kwamba bila hayo haki yote hupotea. Hakuyaficha kwa hila. Aliyaacha kwa sababu yalikuwa magumu kuyasema na kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Mvua zilipoanza, barabara ya kutoka machimboni ilikatika mahali pawili. Kuitengeneza barabara ile haikuwa kazi ya mzee. Malori yalikaa siku kumi na moja bila kugeuza gurudumu, huku madereva wakila na benki ikihesabu riba. Siku ya tatu mzee alikuja hadi getini, akiwa amekunja suruali hadi magotini na matope yamemfika kwenye vifundo. Afisa alitoka akamkuta chini ya mwembe.

"Njia imekufa, mwanangu. Gari haliwezi kupita. Nimekuja kukujulisha kama tulivyosema."

"Nimesikia, mzee. Pole sana."

Alisikia kweli. Alirudi ofisini akaendelea na ankara za saruji.

Miezi miwili baadaye hesabu zilifungwa. Mzee alikatwa fidia ya ucheleweshaji kwa siku kumi na moja, na madai yake ya malori yaliyosimama yakaletwa mezani. Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali moja tu, lile ambalo taratibu zilimtaka aulize: ipo taarifa ya maandishi katika jalada? Afisa alifungua jalada ambalo alijua limo nini. Akajibu kwamba haipo. Hakuulizwa kama alikwisha kuambiwa kwa mdomo, naye hakusema. Madai yakakataliwa kwa mstari mmoja.

Mzee alipokuja kupokea jibu hakupaza sauti. Alisema tu: "Si uliniambia nikujulishe? Nami nikakujulisha." Akasubiri. Afisa akamwonyesha kifungu kwa kidole, kwa Kiingereza. Mzee akakitazama kidole, hakukitazama kifungu. Kabla ya msingi wa kinu kukauka sawasawa, benki ilikuwa imelichukua lori la tatu.

Wapo watakaosema kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba mtu mzima akitia saini hana budi kujua alichokitia saini. Hoja hiyo ina uzito, kwani bila saini kuheshimiwa hakuna atakayekopesha, hakuna atakayejenga. Lakini historia ya Afrika Mashariki haituruhusu tuishie hapo. Kila mwanafunzi wa Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero, ambaye Novemba 1884 aliweka alama yake katika karatasi ya Karl Peters, iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, na kwa alama hiyo Wajerumani wakadai kwamba ameitoa nchi yake. Hadi leo jina lake hutajwa pale kiongozi anapoonekana kutia saini asichokielewa. Watu humcheka Mangungo. Ni nadra kusikika wakimwuliza mkalimani aliyekuwapo siku hiyo alisema nini na aliacha nini.

Ugomvi juu ya mikataba ya madini haukuishia katika karne hiyo. Mwaka 2007 ilipobainika kwamba mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini katika hoteli mjini London, suala hilo lililitikisa Bunge la Tanzania, mbunge Zitto Kabwe aliyelifikisha huko akasimamishwa, na kabla ya mwaka kwisha ikaundwa kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini. Mwaka 2017 Bunge hilo lilitunga sheria ya kupitia na kujadili upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Istilahi hiyo, masharti hasi, ilienea upesi kutoka bungeni hadi vijiweni, kwa kuwa ilisema kwa Kiswahili jambo ambalo watu walikuwa wakilihisi pasipo kulipatia jina. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kuwashirikisha wazawa katika ugavi wa bidhaa na huduma za migodini. Na mwaka 2021 marekebisho ya sheria yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini humo.

Upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inasema katika ibara ya 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iligawa mrabaha wa madini ili asilimia 70 iende kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Migodi nayo ina mwisho wake: ule wa titani huko Kwale, uliosafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014, ulikoma kuchimba Desemba 2024. Katika muda mfupi kama huo, kilicho muhimu kwa mwenyeji ni ile mikataba midogo ya kokoto, chakula na usafiri. Na mikataba hiyo, pande zote mbili za mpaka, bado huandikwa zaidi kwa lugha ambayo mwenye lori huisikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Baada ya kisa cha mzee, afisa alijaribu kutengeneza. Aliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza haki na wajibu wa msambazaji mdogo. Mwanasheria wa kampuni aliukataa mwanzoni, kwa hoja ambayo wanafunzi wa tafsiri wanapaswa kuitafakari: matini mbili za mkataba mmoja ni mikataba miwili, na siku zitakapotofautiana mahakama itauliza ipi inatawala. Ndiyo maana vitabu vya FIDIC hutaka lugha inayotawala itajwe. Mwishowe ukurasa uliruhusiwa, ukiwa na sentensi chini yake kwamba si sehemu ya mkataba. Wenye malori waliusoma na kuukunja mfukoni. Taarifa za maandishi zikaanza kufika, nyingine kwenye karatasi za pakiti za sigara, na zote zikawekwa katika majalada. Mzee hakuwapo tena.

Neno lenyewe mkataba latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, mzizi uleule uliotupa kitabu, katiba, katibu na maktaba. Lina hadhi yake, na asiyependa maandishi hawezi kujenga mgodi. Lakini Kiswahili kina neno jingine, la asili ya Kibantu: mapatano. Hilo latokana na kupatana, yaani huyu kumpata yule na yule kumpata huyu. Mkataba huweza kuandikwa na mtu mmoja chumbani peke yake, mapatano hayawezi. Siku ile mbele ya kofia iliyolala gotini, mkataba ulikuwapo, na mapatano hayakuwapo. Wataalamu wa istilahi wana kazi ya kutupatia maneno ya dhamana ya utekelezaji, fedha zinazozuiliwa na fidia ya ucheleweshaji, na kazi hiyo imepiga hatua. Ila msamiati peke yake haungemwokoa mzee. Maneno ya kumwambia yalikuwapo, tena ya kawaida: andika, siku 14, la sivyo utakosa. Kilichokosekana ni mtu aliyejihesabu kuwa anawajibika kuyasema.

Miaka ilipita, na mwana wa Masii akarudi kwao. Mama yake alikuwa amezeeka, lakini daftari lilikuwa bado juu ya kabati, la ngapi hakuna aliyekumbuka. Wakati huo kikundi kilikusudia kujenga bwawa la mchanga katika kijito kinachopita chini ya mashamba yao. Bwawa la namna hii ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki katikati ya chembe za mchanga, jua lisiyafikie. Wakati wa kiangazi watu huyachota kwa kisima kifupi. Mawe na vibarua vilikuwa vya kikundi, saruji ingenunuliwa, na fundi wa kujenga angetoka nje ya kijiji. Wakamwomba mwana wao, aliyejenga migodi, awaandikie makubaliano na fundi.

Aliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, kisha ukasomwa chini ya mti kwa Kikamba, kifungu kwa kifungu, mbele ya fundi na wanachama. Walijadili bei ya kila mita ya ukuta. Walijadili nani atailinda saruji usiku. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akisokota kiondo akauliza pasipo kuinua macho: "Na mto ukija kabla ukuta haujakauka?"

Swali hilo lilikuwa la haki kulijibu, kwani Ukambani mvua za Novemba huweza kuugeuza mchanga mkavu kuwa mto kwa saa moja. Afisa alianza kuandika kwa mazoea: fundi atatoa taarifa kwa maandishi katika siku. Hapo akasita. Akamwuliza fundi kama anaandika. Fundi akacheka, akasema yeye huandika kwa mwiko. Mama akamtazama mwanawe, akasema neno ambalo kwake halikuwa la hekima yoyote, bali la utaratibu wa kawaida: "Yeye aseme. Kalamu ninayo mimi."

Kifungu kikaandikwa upya, na kinasomeka hivi: Fundi akipatwa na jambo la kumzuia kazi, atamwambia mwenyekiti au karani mapema iwezekanavyo, kwa kinywa chake au kwa mtu aliyemtuma. Karani ataandika. Karani asipoandika, kosa ni la karani, si la fundi.

Hakuna mwanasheria wa mradi mkubwa atakayekikubali kifungu hicho kama kilivyo, na huenda ana sababu zake. Mgodi una mikataba mamia, na kinywa hakiwekwi katika jalada. Lakini maana yake haihitaji udogo wa kijiji. Mwenye kalamu, mwenye ofisi na mwenye lugha ya mkataba ndiye anayeweza kuandika kwa gharama ndogo kuliko wote. Mzigo wa kuandika ukiwekwa kwake, taarifa haitapotea. Ukiwekwa kwa asiye na kalamu, mkataba utakuwa umeamua mshindi kabla ya kazi kuanza.

Mwaka huo mvua zilitangulia. Ukuta ulikuwa umefika nusu. Alfajiri moja mtoto alifika akihema kutoka kwa fundi, akasema kijito kimejaa na kazi haiwezekani hadi maji yapungue. Mama alishusha mfuko wa nailoni kutoka juu ya kabati, akafungua daftari, akaandika tarehe, na kando ya jina la fundi akaandika neno moja: mvua. Kisha akampa mtoto chai.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika moja. Kwa yule mzee wa malori matatu, neno hilo halijaandikwa popote hadi leo.